Kuku Chotara Uani: Nani Anamiliki Mama Yao?

Miaka michache iliyopita nilimshauri vibaya mtu ninayemheshimu sana. Alikuwa katibu muhtasi wa idara yetu, mama aliyechapa barua zetu kwa miongo miwili, akayasitiri makosa yetu ya sarufi, na hatimaye akastaafu. Alipopata kiinua mgongo chake alikuja ofisini kwangu, akakaa, akaniuliza: "Mwalimu, wewe unafuga. Nataka kuku wa kuweka uani, nipate mayai na hela ya mboga. Ninunue wepi?"

Nilimjibu papo hapo, kwa ule uhakika unaotupanda sisi walimu wa chuo kikuu tunapoulizwa mambo yaliyo nje ya fani zetu. "Mama, nunua wale wa kahawia, wa mayai. Kuku mmoja anakupa mayai 300 kwa mwaka. Chukua hamsini."

Mayai 300 mara kuku 50 ni mayai 15,000. Hesabu yangu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika yale niliyoyaacha nje ya hesabu.

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akaniarifu kuwa yeye na wenzake wameunda kikundi cha vijana, wanaomba mkopo wa halmashauri, na kabla ya mradi wenyewe wanataka kuanza na kuku wachache kwenye bustani ya nyumbani kwao ili wajifunze. Swali lake lilikuwa lile lile: wanunue kuku gani? Safari hii nilimwomba anipe siku chache. Makala hii ni jibu langu kwake, na ni sehemu ya deni langu kwa yule mama.

Tuanze na neno lenyewe. Sokoni kwetu mtu akisema "kuku chotara" humaanisha Kuroiler, Sasso na wenzao: kuku wakubwa, wa rangi mchanganyiko, wanaotaga kiasi na kutoa nyama ya kutosha. Wale wadogo wa kahawia huitwa tu "kuku wa mayai", na huuzwa kwa majina kama ISA Brown, Hy-Line Brown na Lohmann Brown. Kwa hakika wote ni chotara, na hawa wa mayai pengine ndio chotara waliopangwa kwa uangalifu mkubwa zaidi. Nyuma yao zipo koo kadhaa, kwa kawaida nne, zilizotunzwa kando kando kwa vizazi vingi. Koo mbili hukutanishwa kumpata baba, mbili nyingine kumpata mama, na kuku anayefika dukani ni mtoto wa makutano hayo ya mwisho. Wingi wa mayai yake unatokana na mpangilio huo.

Msomaji aliyewahi kulima mahindi chotara ameshaanza kuelewa ninakoelekea. Msimu wa kwanza shamba linapendeza. Ukipanda tena punje za mavuno yako, mahindi yanatoka kila moja na tabia yake. Kufanana huku kuna historia. Henry A. Wallace, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya mbegu za mahindi chotara mwaka 1926, na ambaye baadaye alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia 1941 hadi 1945, ndiye pia anayetajwa kuwa mwanzilishi wa Hy-Line, iliyoanza mwaka 1936 ili kuipeleka kanuni ya mahindi kwenye kuku. Kwa hiyo kuku wa kahawia aliye uani kwa jirani yako ni ndugu wa kifikra wa mfuko wa mbegu unaonunuliwa kila msimu.

Hapa kuna imani moja ya mtaani inayohitaji kusahihishwa. Husemwa kuwa mayai ya kuku hawa hayaanguliki. Yanaanguliwa, ilimradi pawepo jogoo. Tatizo ni watoto: sifa za mama hutawanyika, mmoja akataga vizuri, mwingine akasuasua, wa tatu akafanana na nyanya yake asiyejulikana. Tena mama mwenyewe haatamii, kwa kuwa tamaa ya kuatamia imepunguzwa kwa makusudi katika uteuzi wa vizazi vingi. Kuku anayelalia mayai ni kuku aliyeacha kutaga. Hakuna polisi anayemzuia mfugaji kuzalisha kuku wake. Kufuli limo ndani ya kuku.

Na ufunguo uko kwa nani? Ukitazama majina yaliyo kwenye maboksi ya vifaranga utadhani kuna ushindani mkubwa. Lakini ISA, Bovans, Hisex, Dekalb na Shaver ni mali ya Hendrix Genetics ya Uholanzi, na Sasso iliyotoka Ufaransa nayo imeingia humo. Hy-Line, Lohmann na H&N wako chini ya EW Group ya Ujerumani. Sehemu kubwa ya kuku wa mayai wa kibiashara duniani wana mabibi wanaomilikiwa na makundi hayo mawili. Wazalishaji wetu wa ndani huagiza kuku wazazi, huangua vifaranga, na kazi yao ni ya thamani. Lakini wao pia ni wateja.

Nasema haya nikiikumbuka Namanga. Mwishoni mwa Oktoba 2017 mamlaka za nchi yetu ziliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 vilivyokuwa vimeingizwa kutoka Kenya. Sababu iliyotolewa ilikuwa kinga dhidi ya magonjwa, kwa kuwa uingizaji wa ndege hao ulikuwa umepigwa marufuku tangu mwaka 2006, wakati wa hofu ya mafua ya ndege. Kenya ililalamika, mitandao ikawaka, na kwa majuma kadhaa tulibishana kuhusu uzalendo wa kifaranga. Kudhibiti magonjwa mpakani ni wajibu wa dola, na sitaubeza. Lakini katika mabishano yale yote sikusikia mtu akiuliza wazazi wa vifaranga vya Kenya na wazazi wa vifaranga vyetu walitoka wapi. Tuligombana na jirani kuhusu watoto, huku sote tukinunua mama kutoka Ulaya.

Sasa nirudi kwa yule mama, maana yeye ndiye aliyelipa ada ya elimu yangu. Alinunua vifaranga 50 vya siku moja. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na hadi kufikia hapo kila mmoja amekula kati ya kilo 6 na 7. Kwa kuku 50 hiyo ni zaidi ya mifuko 6 ya kilo 50 kabla ya yai la kwanza. Sikumwambia. Wakianza kutaga, kila mmoja hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku 50 humaliza kilo 6, na mfuko huisha kwa siku 8. Hilo nalo sikumwambia.

Miezi ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Kuku walitaga kwa asilimia 90, yaani mayai 45 kwa siku, trei moja na nusu. Kila trei ya mayai 30 ilimgharimu kilo 4 za chakula. Kisha umri ukaanza kudai haki yake. Kuku hawa hupanda haraka, hukaa kileleni, halafu hushuka, na baada ya wiki 80 hivi za maisha wengi wao hawamlipi tena mwenye kuwalisha. Walipofika asilimia 60 walitoa trei moja kwa siku, na kwa kuwa tumbo halipungui kama mayai yanavyopungua, trei ile ile sasa ilikula kilo 6. Wakati huo huo bei ya pumba na mashudu ikapanda, dagaa wakaja na mchanga, na joto la Dar es Salaam likawafanya kuku wahemee badala ya kula, maganda ya mayai yakawa membamba kama karatasi. Akawauza kwa bei ya nyama. Fedha aliyopata haikutosha kununua vifaranga wengine, kuwalisha miezi minne na nusu na kusubiri tena.

Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua vifaranga huchukuliwa na mwewe. Nilipokwenda kumwomba radhi hakunilaumu kwa ukali. Aliniwekea chai, akasema: "Mwalimu, ulinihesabia mayai. Hukunihesabia kuku."

Sijapata kusikia muhtasari bora wa uchumi wa kuku chotara. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, huatamia, hulea, kisha huanza tena. Kwa mwaka unaweza kupata mayai 40 au 60. Ukilinganisha mayai kwa mayai anachekesha. Lakini mtaji wake umo ndani yake: anajizaa upya bila duka. Kuku wa mayai anakupa utajiri wa mwaka mmoja na ushee, kisha anakurudisha kaunta ukiwa na fedha mkononi. Mwenye mshahara anaweza kuimudu safari hiyo ya kaunta. Mwenye kiinua mgongo, ambacho hutolewa mara moja tu maishani, alipaswa kuambiwa mapema kuwa safari hiyo ipo.

Hapa ndipo suala la kuku linapokuwa suala la siasa. Katika miaka ya 1980, mishahara ilipomomonyoka, watumishi wa umma wa nchi hii waliishi kwa "miradi": banda la kuku nyuma ya nyumba ya serikali, ng'ombe mmoja, tuta la mchicha. Aili Mari Tripp alieleza hali hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu uchumi usio rasmi wa Dar es Salaam. Banda lile lilikuwa njia ya kunusurika, na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipolegeza masharti ya uongozi lilikuwa, kwa sehemu, linakiri jambo ambalo tayari lilikuwa linawika uani. Leo njia ile ya kunusurika imegeuzwa kuwa mahubiri. Mhitimu asiye na kazi huambiwa afuge kuku. Mstaafu huambiwa afuge kuku. Kikundi cha wanawake hupewa mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na nimesoma maandiko ya miradi ya aina hii ambamo kundi la pili la kuku halimo kabisa, kana kwamba kuku hawazeeki. Anayehubiri hapati hasara. Mimi nilihubiri, na mshahara wangu ulikuja mwisho wa mwezi kama kawaida.

Hata hivyo sitaki kumwacha mwanafunzi wangu na hasira tu. Aliuliza swali la vitendo na anastahili jibu la vitendo. Wala sitaki kuandika utenzi wa kumsifu kuku wa kienyeji. Miji yetu inakula mayai ya kuku chotara, na mtoto wa Mbagala au wa Mwanjelwa hapati yai la bei nafuu kwa sababu ya koo za kale. Kuku wa kahawia ni kazi kubwa ya akili ya binadamu. Anayemnunua na ajue tu anachonunua.

Kama shabaha yako ni mayai ya familia na ziada kidogo ya kuuza, na una kipato cha kununua chakula kila mwezi bila kuyasubiri mayai yajilipie, chagua kuku wa mayai wa kahawia, 6 hadi 10, si 50. Kuku 10 hula kilo 1.2 kwa siku, hivyo mfuko mmoja hukaa siku 40. Ni wapole, wana uzito wa kilo 2 hivi, na hawahitaji eneo kubwa. Ukiweza, nunua mitetea ya wiki 16 hadi 18 iliyokwisha kuchanjwa. Bei ni kubwa, lakini unamwachia mwingine hatari ya miezi ya kwanza. Ukinunua vifaranga vya siku moja, tazama rangi: katika chotara hawa wa kahawia majike huanguliwa wakiwa na rangi ya kahawia na madume rangi ya njano iliyopauka. Ukiuziwa vifaranga vya njano kwa jina la mitetea ya kahawia, virudishe. Na ukitaka kujua kaka zao huenda wapi, jibu ni chungu: katika nchi nyingi huuawa siku ya kwanza, kwa kuwa hawatagi na hawanenepi upesi. Ujerumani ilipiga marufuku mauaji hayo kuanzia mwaka 2022. Kwetu mara nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa kwa wenye subira ya kuwakuza.

Kama una eneo la kutosha, unataka mayai na nyama, na huwezi kununua chakula chote, Kuroiler au Sasso watakufaa zaidi. Kuroiler alizalishwa India na kampuni ya Keggfarms kwa ajili ya ua wa mwanakijiji, na aina zote mbili zilijaribiwa katika kaya za Tanzania kupitia mradi wa utafiti ulioongozwa na ILRI. Wanatafuta sehemu ya chakula chao wenyewe na hutaga mara kadhaa zaidi ya kuku wa kienyeji, ingawa hawamfikii wa kahawia. Lakini ukiwafungia bandani na kuwalisha kila kitu, miili yao mikubwa itakula faida yako. Nao pia ni chotara: usitegemee watoto wao wawe kama wao.

Na kama unataka kundi litakaloishi kuliko fedha yako, lazima uwe na mitetea wachache wa kienyeji wanaoatamia. Tunao wa aina nyingi: kuchi warefu, ching'wekwe wafupi, singamagazi wakubwa wa Tabora, na wengine ambao wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamewachunguza na kuwaeleza. Ni urithi wenye jina na makazi, unaostahili kuteuliwa na kuboreshwa kama wengine walivyoboresha wao.

Vyovyote utakavyochagua, mambo matatu hayana mjadala. La kwanza ni chanjo. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, hakiulizi kuku alitoka Ulaya au Singida. Chanjo ya I-2, inayozalishwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, hustahimili joto kuliko chanjo nyingine za kideri, hutiwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila miezi mitatu. Chupa yake hutengenezwa kwa dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja. Basi pangeni siku moja na majirani, mchange, mchanje kuku wa mtaa mzima. La pili ni mwanga. Kuku wa mayai hutaga vizuri akipata saa 14 hadi 16 za mwanga, na siku yetu ya karibu na ikweta ina saa 12 tu. Taa ndogo ya alfajiri na jioni inatosha. La tatu ni chakula kisicho na ukungu, kwa kuwa sumukuvu huua polepole, na chenye chokaa ya kutosha kwa wanaotaga. Kuhusu bustani, tenga kuku na matuta kwa uzio, na iache mbolea yao ioze majuma kadhaa kabla ya kuitia kwenye mchicha. Ikiwa mbichi itauunguza.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, nina maombi ya upande wenu wa meza. Mnapopitisha mkopo wa kuku, ulizeni bajeti ya kundi la pili iko wapi. Ofisa mifugo wa kata apatiwe chanjo na jokofu kabla hajapewa hotuba ya ujasiriamali. Chakula cha kuku kikaguliwe dukani kama dawa inavyokaguliwa. Na taasisi zetu za utafiti wa mifugo zipewe fedha ya miaka mingi, siyo ya mradi wa miaka mitatu, ili ziteue na kuwatunza kuku wazazi walio mali ya umma. Koo za Uholanzi na Ujerumani zilijengwa kwa miongo mingi ya subira. Hakuna namna ya mkato, lakini kila mwaka tusioanza ni mwaka tunaoendelea kununua mama za watu.

Yule mama bado anafuga. Ana mitetea watano wa kienyeji, na wanne wa kahawia ambao huwanunua kwa fedha ya mayai, akiwaweka wageni kando kwa majuma mawili kabla ya kuwachanganya na wenyeji. Wa kahawia humpa mayai ya kuuza. Wa kienyeji humpa kuku. Mwanangu, nenda ukamtembelee kabla hujanunua chochote. Nimemwomba, amekubali. Umwamkie vizuri, ukae, umwache azungumze. Atakuhesabia vyote viwili.